Kukoleza Rangi za Vioo Katika Utengenezaji wa Shanga kwa Mwali wa Gesi

Vipo vioo ambavyo rangi yake haionekani mara tu vinapoyeyushwa, bali hujitokeza baada ya kioo kupoa kidogo na kupashwa moto upya. Kijiti cha kioo kinachouzwa kwa jina la rangi nyekundu kinaweza kuwa na manjano hafifu kabla ya kuguswa na moto, kikakosa rangi kabisa kinapoyeyuka, kisha kikawa chekundu kinaporudishwa motoni mara ya pili. Vioo vya namna hii nitaviita hapa vioo vinavyokolea. Watengenezaji wengi wa shanga huvinunua kwa hamu na kuviacha kwa hasira, kwa sababu kijiti kilekile huwapa leo zambarau ya kupendeza na kesho kahawia iliyofifia, nao huishia kuamini kwamba yote ni bahati. Si bahati. Kwa uzoefu wangu, shanga nyingi zinazotoka na rangi mbovu haziharibikii ndani ya mwali. Huharibikia nje yake, katika zile sekunde chache ambazo mtengenezaji alipaswa kusubiri na hakusubiri. Maelezo yanayofuata yanahusu hasa sekunde hizo, pamoja na yale yanayozitangulia na yanayozifuata.

Kinachotokea ndani ya kioo

Rangi ya kioo cha kawaida, kwa mfano buluu ya kobalti, hutokana na ioni za metali zilizosambaa ndani ya kioo, nayo hubaki ileile hata ukikipasha moto mara nyingi. Katika kioo kinachokolea, kiwanda huyeyusha dhahabu, shaba, fedha, au mchanganyiko wa kadimi, salfa na seleni kwenye joto kali, kisha kioo hupoa haraka kiasi kwamba atomu hizo hazipati nafasi ya kukusanyika. Kikipashwa tena joto la wastani, atomu husogea, hukutana na kujenga chembe ndogo mno, zenye upana wa nanomita chache hadi makumi kadhaa ya nanomita. Chembe hizo ndizo zinazomeza sehemu ya mwanga na kuiacha nyingine ipite. Chembe za dhahabu, kwa mfano, humeza zaidi mwanga wa kijani, ulio karibu na urefu wa wimbi wa nanomita 530, na ndiyo maana kioo chake huonekana chekundu au cha waridi.

Ujenzi huo una hatua mbili, na kuzitofautisha ndiko kunakomwezesha mtu kuitawala rangi. Kwanza huzaliwa mbegu, yaani vikundi vidogo vya atomu ambavyo atomu nyingine zitajishikiza. Baadaye mbegu hizo hukua. Mbegu huzaliwa kwa wingi kwenye joto la chini kuliko lile ambalo hukua kwa kasi. Kwa hiyo ushanga uliotolewa kwenye mwali na kurudishwa ungali unang'aa una mbegu chache, na kuupasha moto zaidi hakuwezi kufidia upungufu huo. Ushanga uliopoa vya kutosha una mbegu nyingi, nazo zikipata joto la upole hukua kwa pamoja na kufikia ukubwa unaokaribiana, hapo rangi ikatoka safi. Zikiendelea kukua kupita kiasi, chembe huanza kutawanya mwanga, na kioo hupata ukungu na rangi inayofanana na udongo. Habari njema ni kwamba joto kali huziyeyusha chembe hizo tena, hivyo mara nyingi unaweza kufuta ulichokifanya na kuanza upya.

Tambua kwanza ni kioo gani kilichomo mkononi

Vioo vya kadimi ndivyo vinavyotoa manjano, machungwa na nyekundu kali. Chembe zake zinapokuwa ndogo rangi huwa ya manjano, zinapokua huelekea kwenye machungwa na kisha nyekundu, ingawa uwiano wa salfa na seleni uliowekwa kiwandani nao una usemi wake. Uhusiano huu kati ya ukubwa wa chembe na rangi si jambo dogo: Alexei Ekimov aliuchunguza mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika kioo chenye kloridi ya shaba, na mwaka 2023 alikuwa mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa utafiti wa chembe za aina hiyo. Kwa mtengenezaji wa shanga, maana yake ni kwamba ushanga wa kadimi wenye mistari ya manjano ndani ya nyekundu haukupata joto sawasawa. Sehemu moja imefika na nyingine bado iko njiani. Kioo hiki kina udhaifu mmoja mkubwa: kikichomwa kupita kiasi huchemka, hutoa viputo, na sehemu ya viungo vyake huungua, hivyo hakivumilii kufutwa na kurudiwa mara nyingi. Aidha, salfa na seleni zilizomo zinaweza kuitikia vioo vyenye shaba, kama vile vya feruzi, na kuacha mstari mweusi mahali vinapogusana. Kuna wanaoupenda mstari huo, lakini ni vyema uwepo kwa sababu uliutaka.

Kioo cha dhahabu, ambacho Johann Kunckel alikitengeneza kwa sifa kubwa huko Potsdam katika karne ya 17, mara nyingi huja kijiti kikiwa tayari na rangi ya waridi. Kazi yako hapa ni kuilinda rangi kuliko kuitafuta. Kitumie katika mwali wenye oksijeni ya kutosha, kiyeyushe kwa utulivu, na usikirudierudie motoni, kwa maana mizunguko mingi hukigeuza kuwa kahawia yenye ukungu. Kioo chekundu cha shaba kina tabia inayokaribiana na hiyo, ila hupitiliza upesi zaidi na kuwa na rangi ya ini isiyopitisha mwanga.

Kundi la nne ni vioo vyenye fedha nyingi, na hapo ndipo penye utajiri wa kweli, kwa kuwa kijiti kimoja kinaweza kutoa asali, zambarau, buluu na kijani katika ushanga mmoja. Soma vizuri maelezo ya mtengenezaji wa kijiti, kwa sababu vioo vya fedha viko vya aina mbili ambazo hutendewa kinyume. Aina ya kwanza hukolea kwa kupozwa na kupashwa moto, kama ilivyoelezwa hapo juu. Aina ya pili huhitaji kuogeshwa kwa muda mfupi katika mwali wenye gesi nyingi na oksijeni kidogo, ambao huivuta fedha juu ya uso wa kioo na kuufanya ung'ae kama metali. Ukiipeleka aina ya kwanza katika mwali huo, utapata utando wa kijivu unaoifunika rangi iliyokuwa chini yake, kisha utailaumu rangi ambayo kwa kweli ilikuwa imetoka.

Mwali, miwani na hewa

Kabla ya kuwasha chochote, hakikisha kuwa hewa ya mahali pa kazi inavutwa nje na kwamba hewa safi inaingia kuchukua nafasi yake. Kadimi ni sumu, na hata vioo visivyo na kadimi huambatana na moshi wa mwali wenyewe. Dirisha lililo wazi peke yake halitoshi. Ukihitaji kusaga au kulainisha ushanga uliokamilika, fanya hivyo ukiwa majini, na udongo wa kuzuia kugandana unaobaki katika tundu la ushanga nao uutoe ukiwa umelowa, ili vumbi lake lisiruke.

Miwani ya didimiamu inayochuja mwanga wa manjano wa sodiamu, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 589, ni ya lazima kwa kioo laini, yaani kile kinachoyeyuka kwenye joto la chini zaidi, na kioo cha borosiliketi, kilicho kigumu na kinachohitaji moto mkali zaidi, huhitaji miwani yenye giza zaidi. Hata hivyo, miwani hiyohiyo hupotosha rangi, hasa zile zinazokaribiana na manjano. Kwa hiyo usiiamue rangi ukiwa unatazama kupitia miwani: utoe ushanga kwenye mwali, geuza uso pembeni, kisha uutazame juu ya fremu ya miwani chini ya taa nyeupe. Kumbuka pia kwamba kioo cha moto hudanganya. Nyekundu ya kadimi huonekana nyeusi au kahawia nzito ingali moto, na manjano yake huonekana kama machungwa; zote hurudi kwenye rangi zake halisi zinapopoa.

Ujue mwali wako kwa macho. Ukiwa na gesi na oksijeni kwa kiasi kinachofaa, vile vijimwali vidogo vya buluu vilivyo mbele ya mdomo wa tochi ya gesi huwa vifupi, vyenye ncha na vinavyoonekana wazi. Oksijeni ikizidi, hufupika zaidi, mwali ukawa mwembamba na sauti yake ikawa kali. Gesi ikizidi, hurefuka, hupoteza ncha na kuelekea kwenye manjano. Kwa karibu vioo vyote vinavyokolea, anza na mwali wa wastani ulioelemea kidogo upande wa oksijeni. Wanaotumia tochi inayovuta hewa ya kawaida bila oksijeni ya ziada hawana uhuru mkubwa wa kuurekebisha mwali, ila wanaweza kufanya kazi mbali zaidi na mdomo wa tochi, mahali ambapo gesi imekwisha kuungua na moto umetulia.

Kuyeyusha, kusubiri, kurudisha

Zungushia kioo kwenye kijiti cha chuma cha pua kilichopakwa udongo wa kuzuia kugandana, kama kwa ushanga wowote, kisha uupe umbo lake karibu lote kabla ya kufikiria rangi. Hili nalisisitiza kwa sababu kila urekebishaji wa umbo utakaoufanya baadaye huleta joto jipya, nalo huivuruga rangi uliyokwisha kuijenga. Nukta, mistari na mapambo mengine yawekwe mapema na yayeyushwe mpaka yatulie.

Umbo likishakaa sawa, upeleke ushanga wote kwenye joto kali mpaka ung'ae sawasawa na kuwa laini, ukiendelea kuuzungusha bila kusita. Lengo ni kufuta historia ya joto ambayo kioo kimeipata tangu kilipokuwa kijiti, kwa maana sehemu iliyozungushiwa mwanzo imekwisha kupoa na kupata moto mara kadhaa kuliko ile ya mwisho, na usipoifuta tofauti hiyo utapata mabaka. Kioo cha fedha kivumilie moto huu kwa muda wa kutosha, hadi kionekane kimerudi kuwa angavu au chenye manjano hafifu. Kioo cha kadimi kiyeyushe hadi kilainike, kisha kiondoe kabla hakijaanza kuchemka.

Sasa utoe ushanga kwenye mwali na usubiri. Endelea kuuzungusha, la sivyo utalegea upande mmoja ungali laini. Uinamishe chini ya ukingo wa meza, kwenye kivuli, kwa sababu mwangaza wa chumba huficha mng'ao wa mwisho wa joto. Utauona ukitoka kwenye machungwa hadi nyekundu iliyoiva, kisha nyekundu hafifu iliyobaki katikati tu, karibu na chuma; huo wa katikati ndio unaowadanganya watu, kwani uso umekwisha kupoa huku kiini kikiwa bado na joto la kutosha kuupasha tena kutoka ndani. Subiri hata huo upotee, halafu ongeza pumzi kadhaa. Muda wenyewe hauwezi kuwekewa saa moja kwa shanga zote: ushanga wenye kipenyo cha milimita 6 hupoa upesi sana ukilinganisha na wa milimita 15, na chuma kinene hunyonya joto zaidi kuliko chembamba. Ubao wa grafiti unaweza kuharakisha upoaji wa uso, lakini kwa kuwa hugusa sehemu moja kwa wakati, rangi inaweza kutoka kwa viraka. Kwa rangi iliyo sawa kote, hewa tupu ni bora.

Upande wa pili wa hatari ni kuuacha upoe kupita kiasi. Ushanga uliopoa mno hupasuka unaporudi motoni, hivyo kadiri ulivyo mkubwa ndivyo unavyopaswa kuurudisha kwa tahadhari, ukianzia mbali, kwenye mkia wa mwali, na kuusogeza karibu taratibu.

Kurudisha ndiko kukoleza kwenyewe, na hapa upole ndio unaofanya kazi. Punguza ukubwa wa mwali, uweke ushanga kwenye sehemu ya nyuma iliyo laini, uuzungushe, na uutazame. Rangi huanza kama wingu jepesi chini ya uso, kwa kawaida upande ulio mwembamba zaidi au karibu na ncha za tundu, kisha husambaa. Utoe kabla haujaanza kung'aa, uutazame bila miwani, uache upoe tena, kisha uurudishe. Safari fupi kadhaa za namna hii hukupa nafasi ya kusimama popote unapotaka, ilhali safari moja ndefu hukupitisha kwenye rangi zote na kukuacha upande wa pili bila kuziona.

Kuisoma njia ya rangi katika vioo vya fedha

Katika vioo hivi, kila mzunguko wa kupoza na kupasha husogeza rangi hatua moja mbele. Mpangilio hutofautiana kati ya kioo na kioo, lakini mara nyingi huanza na asali au kahawia yenye uwazi, ukaelekea kwenye zambarau, kisha buluu na kijani, na mwisho wake ni kaki nzito isiyopitisha mwanga. Mtengenezaji anayeiona kahawia ya kwanza hukata tamaa na kuuchoma ushanga tena kwa nguvu, akiamini ameshaharibu, kumbe alikuwa mwanzoni mwa safari. Namna ya kuzitambua kahawia hizo mbili ni kuushika ushanga mbele ya taa: ile ya mwanzo hupitisha mwanga na ina ung'avu, ile ya mwisho ni kama ukuta. Ukiwa kwenye ya kwanza, poza na uendelee. Ukiwa kwenye ya pili, urudishe ushanga kwenye joto kali mpaka rangi ifutike, kisha anza kuhesabu mizunguko upya.

Kioo kilicho chini ya tabaka la fedha nacho kina neno. Juu ya msingi mweusi utaona zaidi rangi zinazoakisiwa, ambazo huwa na kina na mabadiliko mengi. Juu ya msingi mweupe au angavu utaona zaidi mwanga unaopita, na ushanga uleule utaonekana wa asali au kahawia. Ukipenda kufunika tabaka la fedha kwa kioo angavu, rangi zitakuzwa na kuwa na kina zaidi, lakini joto la kufunika litaisogeza rangi uliyoipata. Mimi hupendelea kufunika mapema, kabla rangi haijafika ninapoitaka, na kumalizia kukoleza baada ya kifuniko kuyeyuka na kutulia. Ushanga wa namna hiyo ni mnene, hivyo kiini chake hukaa na joto muda mrefu. Ongeza subira ipasavyo.

Iwapo rangi haitoki kabisa baada ya mizunguko kadhaa, chunguza upoaji kabla ya kubadilisha mwali. Uache ushanga ujao upoe kwa muda mrefu zaidi na usibadilishe kitu kingine chochote. Mtu anayebadilisha mwali, umbali na muda kwa pamoja anaweza kupata ushanga mzuri, ila hataweza kuurudia. Kwa kijiti kipya, tengeneza shanga ndogo za duara zinazolingana, moja ya mzunguko mmoja, nyingine ya miwili, nyingine ya mitatu na kuendelea, kisha uzifunge kwenye waya mmoja kwa mpangilio na kipande cha kijiti chake. Kumbukumbu hiyo ina thamani kuliko maelezo yoyote ya maandishi, kwa sababu imetoka kwenye tochi yako na mikono yako.

Tanuri nalo hukoleza

Kioo kinahitaji kutulizwa katika tanuri ili mkazo wa ndani uondoke, na joto la kufanya hivyo halipo mbali na lile ambalo mbegu huzaliwa na chembe huanza kukua. Kioo laini, kama kile cha Murano kinachotumiwa sana kwa shanga, hutulizwa kwenye nyuzijoto karibu 510 hadi 520 za Selsiasi, na borosiliketi karibu 565. Kwa hiyo ushanga ulioingia tanurini asubuhi na kubaki humo hadi kazi iishe jioni unaweza kutoka na rangi iliyosogea mbele kuliko ulioingia mwishoni. Kwa kadimi hili mara nyingi ni msaada, kwa kuwa nyekundu iliyokuwa na mabaka hupata nafasi ya kujisawazisha. Kwa fedha, simamisha ukolezaji kabla kidogo ya rangi unayoitaka, au uzipange shanga za fedha ziwe za mwisho kutengenezwa siku hiyo. Joto la kusubirishia shanga nalo lisizidi lile la kutulizia. Vipima joto vya matanuri hutofautiana, na ongezeko la nyuzi chache kwa saa nyingi huonekana wazi kwenye rangi.

Borosiliketi yenye fedha ina faida ya pekee hapa. Vioo kadhaa vya kundi hilo vinaweza kutoka kwenye mwali vikiwa bado angavu na kukolezwa tanurini, kwa kushikiliwa kati ya nyuzijoto 565 na 580 huku vikichunguzwa mara kwa mara kupitia mlango, kisha kuteremshwa hadi joto la kutulizia mara rangi inapofika. Na ushanga wa aina hiyo ukitoka ukiwa haujakolea vya kutosha, usiutupe: ungali mzima, unaweza kurudishwa tanurini ukiwa baridi, ukapandishwa joto polepole hadi kiwango hicho, na kushikiliwa tena mpaka rangi itoke. Uliopitiliza ndio usiorekebishika tanurini, kwani joto lake halifikii kiwango cha kuziyeyusha chembe zilizokwisha kukua. Huo, kama bado uko kwenye kijiti chake cha chuma, upashwe polepole tanurini hadi joto la kutulizia, uhamishiwe kwenye mwali ungali moto, uyeyushwe hadi ufutike, kisha upozwe na kukolezwa upya.